Mpe Mwenzio Apige

Punje za mpunga zikianza kujaa maziwa, kwetu Kiringye, katika bonde la Ruzizi nchini Kongo, hakuna mtoto wa kulala hadi jua lichomoze. Ndege aina ya mnana hawangoji. Hutoka kwenye matete kabla mtu hajamaliza kunawa uso, na wakiachiwa shamba kwa muda wa kuchemsha chai tu, huacha masuke yamesimama kama hayajaguswa, nawe ukiyabana kwa vidole unakuta makapi. Kwa hiyo alfajiri ilitukuta juu ya dungu, tukiwa na debe bovu la kugonga, kamba ndefu iliyofungwa makopo, na manati shingoni.

Manati yangu niliitengeneza mwenyewe. Panda ya mpera, mpira wa tyubu ya baiskeli, kipande cha ngozi kutoka kwenye ulimi wa kiatu, na uzi wa kushonea magunia. Ilipiga vizuri msimu mmoja, kisha ikaanza kwenda kushoto. Nikakata mpira mpya. Kushoto. Nikachagua mawe ya mviringo kutoka kwenye mfereji wa maji. Kushoto. Mwishowe nikawa nalenga kulia kwa kopo la shabaha ili jiwe lije katikati, na kwa siku mbili nikaamini nimepata dawa, mpaka jiwe moja lilipokwenda huko huko nilikolenga na kumkosa kidogo tu mbuzi wa watu.

Yaya, kama tunavyomwita kwetu ndugu mkubwa, hakusema neno. Aliichukua manati, akamwita kijana wa dungu la jirani, akampa mawe matatu. Yote matatu yakapita kushoto. Kisha akanipa mimi manati ya yule kijana, nikapiga kopo mara mbili katika tatu. Hapo ndipo alipoketi na kuikagua yangu. Fundo la mkono wa kushoto lilikuwa limeteleza upana wa ukucha. Mpira wa upande huo ulikuwa umebaki mfupi kuliko mwenzake, ukivutwa unakaza zaidi, na jiwe linafuata mwenye nguvu. Akafunga fundo upya, akanirudishia.

Kisa hiki ni cha bunduki ya upepo, kitu ambacho sikuwahi kukiona Kiringye, na kabla sijaendelea nataka msomaji aelewe sababu. Silaha na risasi katika Kongo zinatawaliwa na sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, lakini kwa watu wa bonde la Ruzizi kuna jambo zito kuliko karatasi. Barabara inayotoka Kamanyola, ikapita Luvungi na Sange hadi Uvira, imeona majeshi na makundi mengi mno. Huko, chochote chenye umbo la bunduki ni bunduki. Anayekiona kwa mbali hawezi kujua kama ndani yake mna springi au baruti, na hatakuja karibu kuuliza. Kijana wa Luberizi au Kiliba, huko huko bondeni, anayesoma maandishi haya asidhani namshauri aitafute. Ninachoeleza kilinikuta ugenini, mjini Hull, Uingereza, ambako mtu mzima anaweza kununua bunduki ya upepo bila leseni mradi nguvu yake isizidi futi-pauni 12, yaani juli 16 na kidogo. Ukivuka kwenda Uskoti mambo yanabadilika: tangu tarehe 31 Desemba 2016 hata hiyo ndogo inadai cheti.

Niliinunua kwa sababu ya manati. Sijui kueleza vizuri zaidi ya hapo. Mtu aliyekulia kwenye dungu, jicho lake linataka kitu cha mbali cha kulenga, na katika mji wa mvua na kazi za usiku nilikuwa nimeishi miaka bila kulenga chochote. Nilipojiunga na klabu ndogo inayopiga shabaha Jumamosi pembeni mwa shamba la mtu, kwenye karatasi na vibao vya chuma, nilihisi mabega yananyooka.

Sasa tuifungue bunduki yenyewe, maana bila kuelewa tumbo lake hutaelewa ugonjwa wake. Yangu ilikuwa ya springi, aina ya kukunja mtutu. Unapoukunja mtutu kukoki, unairudisha pistoni nyuma na kuikandamiza springi nene. Ukifyatua, springi inaachia, pistoni inakimbia mbele na kuibana hewa iliyo mbele yake, na hewa hiyo ndiyo inayoisukuma risasi. Lugha yetu imekipa kidude hicho kinachorushwa na madini yake jina moja, na hapa jina linakaa sawasawa: kidude chenyewe ni risasi tupu, upana wa milimita 4.5, uzito wa nusu gramu na ushee, kimebanwa kiunoni kama kibuyu na nyuma kiko wazi kama sketi. Sketi hiyo laini hutanuka kwa shinikizo la hewa na kushika mifereji iliyopinda ndani ya mtutu, ndiyo maana risasi hutoka ikizunguka kama pia.

Hutoka kwa kasi ya mita 240 hivi kwa sekunde. Kwa mwenye kuzoea habari za bunduki za vita hiyo ni polepole, na upolepole ndio mzizi wa taabu zote. Ili kufika mita 30 inahitaji karibu sekunde 0.14, na katika muda huo imeshaanguka kwa uzito wake sentimita 9 au 10. Upepo nao unapata nafasi ya kuisukuma. Tena kuna jambo la pili ambalo sikulijua kwa muda mrefu: pistoni ikikimbia mbele, bunduki inarudi nyuma, pistoni ikifika mwisho na kugonga, bunduki inachupa mbele. Risasi inapotoka mdomoni, mtutu umeshaanza kutikisika. Ukishika kwa namna moja, mtutu unatikisika kwa namna moja. Ukibadilisha mshiko, unatikisika vingine, na risasi inaondoka na njia nyingine.

Miezi miwili ya kwanza bunduki yangu ilinipendeza. Kwa yadi 25, ambayo ni mita 23 hivi, matundu kumi niliweza kuyafunika kwa sarafu moja ya pauni. Mkusanyiko huo wa matundu mimi nauita shada. Kisha shada likaanza kufumuka. Sarafu ikawa haitoshi, ikawa kifuniko cha chupa ya uji, ikawa kisahani cha chai.

Nilifanya nini? Nilifanya vyote, usiku mmoja, jikoni, peke yangu. Nikabadilisha risasi, nikaleta nzito zaidi. Nikausafisha mtutu kwa ufito wa chuma na mafuta mengi. Nikailegeza darubini ya kulengea na kuisogeza mbele kidogo kwa kuwa shingo ilikuwa inaniuma. Nikalala nimeridhika kama mtu aliyefua nguo zote. Asubuhi yake risasi ya kwanza ilitoka na moshi mdomoni mwa mtutu na harufu ya mafuta yaliyoungua, na kisahani kikawa sahani ya wali.

Moshi ule sasa naujua. Mafuta yalikuwa yamepenya hadi kwenye chumba cha pistoni, na hewa inapobanwa ghafla hupata joto la kuyawasha, kama ilivyo ndani ya injini ya dizeli. Risasi moja inasukumwa na hewa peke yake, ya pili inasukumwa na hewa pamoja na mlipuko mdogo, kwa hiyo moja inakwenda chini na nyingine juu. Lakini asubuhi hiyo sikujua kama wa kulaumiwa ni mafuta, au risasi nzito, au darubini niliyoisogeza, au ule ugonjwa wa mwanzo ambao ulikuwa bado uko pale pale chini ya magonjwa mapya. Nilikuwa nimezifuta nyayo kwa miguu yangu mwenyewe. Hilo ndilo kosa linaloniuma kuliko yote katika kisa hiki, kwa sababu kila kifaa kibovu kinatoa ushahidi, na mtu mwenye haraka huuchoma.

Jioni nilimpigia yaya. Tulisalimiana, tukamaliza habari za wagonjwa na za bei ya mpunga, ndipo nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

“Ulimupatia mwenzako apige?”

Nikasema hapana.

“Sasa unajuaje ni bunduki?”

Jumamosi iliyofuata nilikwenda klabuni na kuiweka bunduki mezani mbele ya watu. Ilinigharimu kufanya hivyo. Mwanaume anayejifunza kitu ukubwani, kati ya watu waliokianza utotoni, hapendi kufungua mkoba na kuonyesha sahani ya wali. Watatu walikuja kusimama. Mmoja ni mzee mstaafu aliyechonga vyuma kiwandani maisha yake yote. Wa pili ni kijana mkimya mwenye kifaa cha kupima kasi ya risasi na daftari la hesabu. Wa tatu ni dada mmoja mzaliwa wa Mombasa, nesi, ambaye kwa Kiswahili chake tulifahamiana siku ya kwanza na tangu hapo ananiita kaka.

Nesi ndiye aliyeanza. Aliniuliza nilichofanya, nikamtajia kimoja kimoja.

“Kaka,” akasema, “mgonjwa akinijia amekwisha meza dawa tatu za majirani, kazi yangu ya kwanza ni kungoja zimtoke mwilini.”

Basi tukaanza kwa kungoja. Nikarudisha risasi zangu za zamani. Kijana akaweka kifaa chake mbele ya mtutu, nikapiga bila kujali shabaha, risasi baada ya risasi, ili mafuta yaungue na mtutu urudie hali yake. Kumi za kwanza kasi ilipanda na kushuka kiasi cha mita 20 na zaidi kwa sekunde. Ilipofika risasi ya 50 na kitu tofauti ilikuwa imeshuka hadi mita 3 au 4. Moshi haukuwepo tena. Kijana akafunga daftari, akasema springi na pistoni ni wazima, hewa haivuji, tuache kabisa kufungua tumbo. Kwa maneno hayo machache aliniokolea pesa na siku kadhaa, kwa kuwa mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuta springi mpya ya kununua.

Kisha mzee akaketi na kupiga bunduki yangu, kumi. Shada lake lilikuwa pana. Pana, lakini si kama langu. Nesi akanipa bunduki yake, nami nikapiga kumi. Shada langu lilikuwa bora kuliko kwa bunduki yangu, ila matundu yalijipanga wima, juu na chini, kama shanga kwenye uzi. Tukazilaza karatasi zote sambamba mezani. Nilitaka sana jibu moja. Karatasi zilisema mawili: bunduki ina kosa, na mimi nina kosa. Kwenye dungu yaya alikutana na fundo moja. Hapa mafundo yalikuwa zaidi ya moja, tena mojawapo lilikuwa kwenye bega langu. Nadhani hili ndilo linalowashinda wengi wanaotengeneza vitu peke yao. Unarekebisha kosa moja, matokeo hayanyooki, unaamua kwamba ulilorekebisha halikuwa kosa, unalirudisha lilivyokuwa.

Tukaanza na bunduki, kwa kuwa chuma hakibishi. Mzee alitoa bisibisi na kugusa skrubu za kitako. Mbili za mbele zilizunguka robo nzima kabla hazijakaza. Bunduki ya springi hujilegeza yenyewe kwa mtikisiko wake, na anayepiga mara kwa mara anapaswa kuzigusa skrubu zake kama dereva anavyogonga matairi kabla ya safari. Alizikaza kwa kiasi, maana ukizidisha unapasua mbao, kisha akaweka nukta ya rangi nyeupe kwenye kichwa cha kila skrubu na nyingine kwenye mbao, zikabiliane. Zikiachana tu, utajua.

Tukapiga tena. Nafuu, si kupona. Hapo akavua miwani, akasogeza uso karibu na reli inayobeba darubini, akaniita. Kando ya kishikizo palikuwa na mkwaruzo mpya unaong'aa, urefu wa milimita 2. Darubini ilikuwa inatembea. Kila pigo la pistoni liliisogeza kidogo sana, na nilipoisogeza mwenyewe jikoni sikukumbuka kuteremsha pini ya kuizuia ndani ya tundu lake. Fanya hesabu hii: vishikizo viwili vikiwa sentimita 10 mbali, kimoja kikiinuka sehemu ya kumi ya milimita tu, kwa mita 30 risasi inakosea sentimita 3. Sehemu ya kumi ya milimita ni unene wa karatasi ya daftari. Alifuta grisi na mafuta yote kwenye reli, akaikalisha pini, akakaza skrubu kwa kupokezana kulia na kushoto. Shada la mzee likarudi karibu na sarafu, isipokuwa risasi moja au mbili katika kila kumi zilizotoroka.

Hizo zilizotoroka zilitusumbua wiki mbili. Tulizipima risasi, tukazipima tena. Kichwa cha risasi kinaweza kuwa milimita 4.50 au 4.52, na tofauti hiyo ndogo mtutu mmoja unaipenda na mwingine unaikataa, kwa hiyo tulijaribu aina tano, kumi kumi, na kuandika. Aina mbili zilifaa zaidi. Wakimbizi waliendelea kukimbia. Tukaweka kipande cha karatasi laini juu ya maungio ya mtutu na kufyatua, kuona kama hewa inavuja hapo. Karatasi haikutikisika.

Aliyepata ni kijana. Alichukua kijiti cha pamba cha kusafishia masikio, akakizungusha taratibu kwenye mdomo wa mtutu kutoka ndani kwenda nje. Kilizunguka laini, laini, kisha kikanasa, na uzi mwembamba wa pamba ukabaki pale. Kulikuwa na kovu dogo lisiloonekana kwa macho. Risasi inapotoka, hewa inayoisukuma inapaswa kuiachia mzunguko mzima kwa mara moja. Penye kovu inatangulia kutoka, na kuipiga sketi upande mmoja. Kovu hilo nililitia mimi, kwa ufito wangu wa chuma, usiku ule wa jikoni. Mzee alikwenda na bunduki nyumbani. Alichukua skrubu ya shaba yenye kichwa cha mviringo, akaipaka unga wa kusagia vali, akaizungusha kwenye mdomo wa mtutu kwa mkono, akibadilisha pembe kila mara, mpaka pamba ikapita bila kunasa.

Kati ya mambo ya zamani niliyowahi kusoma kuhusu bunduki za upepo, moja nalipenda kwa kuwa linanikumbusha mzee huyo. Mwaka 1779 au karibu yake, fundi Bartholomäus Girandoni alibuni bunduki ya upepo iliyotumiwa na jeshi la Austria hadi 1815, ikibeba hewa ndani ya kitako chenyewe na kuhitaji mipigo ya pampu ipatayo 1,500 kuijaza. Bunduki ya upepo, ambayo wanahistoria wengi wanakubali kuwa ya muundo huo, ilisafiri na Meriwether Lewis na William Clark walipovuka bara la Amerika kati ya 1803 na 1806. Shajara za safari zinaonyesha kwamba Juni 1805 mhunzi wao, John Shields, aliibadilishia springi kuu, na Agosti mwaka huo huo Lewis aliikuta alama za kulengea zimehama kwa ajali, akazirudisha na kuipima tena mpaka ikapiga kama zamani. Nyika nzima, maelfu ya kilomita kutoka kwenye karakana yoyote, na ugonjwa ni ule ule wa kitu kilichosogea. Mhunzi ndiye aliyekuwa hazina yao.

Ikabaki zamu yangu.

Nesi alikuwa ameshaniambia mapema. “Kaka, unainua kichwa. Risasi haijafika, wewe umeshainuka kutazama.” Nilikataa. Si kwa ukali, lakini nilikataa, na nilikataa kwa wiki mbili, nikitaja upepo, nikitaja mwanga, nikitaja meza inayocheza. Niliamini nilichohisi, na nilihisi nimetulia.

Sisi watu wa Ruzizi tulipaswa kuwa wa mwisho kufanya hivyo. Aprili 1858 wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Uvira kwa mitumbwi wakitaka kujua jambo moja: je, mto Ruzizi unatoka ziwa Tanganyika au unaingia? Wenyeji waliwaambia wazi kwamba unaingia. Wapiga makasia wakakataa kuendelea, nao wakarudi bila kuuona mdomo wa mto. Mwaka 1864, akiwa kwao, Burton akatoa hoja kwamba mto huo unatoka ziwani kwenda kaskazini, kwa sababu hivyo ndivyo ramani yake ya Nile ilivyohitaji. Ubishi ulidumu mpaka Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipopiga makasia kutoka Ujiji hadi kwenye matete ya mdomo wenyewe na kuyaona maji yakiingia. Miaka 13, na jibu lilikuwa limeshatolewa mwanzoni kabisa na wenyeji wenyewe. Hata hivyo nami nilikuwa na shahidi aliyekaa hatua mbili nyuma yangu, akinitazama kwa macho yake, nikaandika ramani yangu mwenyewe.

Kijana ndiye aliyemaliza ubishi. Alisimamisha simu pembeni na kunirekodi nikipiga kumi, kisha akaiendesha polepole. Katika risasi sita kati ya kumi, shavu langu liliachana na kitako wakati ule ule wa kufyatua. Na kulikuwa na lingine ambalo hata nesi hakuliona: mkono wangu wa kushoto uliishika bunduki kwa nguvu na kuikandamiza juu ya mfuko wa mchanga, mara kwa kukaza sana, mara kidogo. Wenye bunduki za hewa ya kujaziwa wanaweza kufanya hivyo bila kuadhibiwa sana, kwa kuwa hazina pistoni nzito inayokimbia. Ndizo wanazotumia wachezaji wa Olimpiki tunaowaona wakipiga kwa mita 10 kitone cha katikati chenye upana wa nusu milimita. Ya springi haitaki kuzuiwa. Inataka kuachwa iruke, mradi iruke vile vile kila mara. Mwandishi wa Marekani Tom Gaylord amefundisha watu wengi mshiko wa namna hiyo: kiganja wazi chini ya bunduki, mahali pale pale, vidole havibani, bega linapokea tu.

Nilifikiri kiganja changu hakilijui jambo hilo, kumbe kinalijua. Kifaranga ukimbeba kwenda kumwonyesha mtoto, humfungi vidole. Unamwekea kiganja naye anakaa. Nilipiga namna hiyo Jumamosi nne mfululizo, nikihesabu moja, mbili baada ya kufyatua kabla ya kuinua shavu. Shanga zikaacha uzi. Shada la mwisho la mwezi huo lilifunikwa na sarafu, na ukingo wa tundu moja ukachungulia nje.

Nilimtumia yaya picha ya karatasi. Alijibu kwa sauti, nyuma yake nikisikia debe likigongwa na watoto wakipiga kelele, akataka kujua umbali ni wa kutoka kwenye dungu hadi wapi. Nikamwambia hadi kwenye mwembe wa mfereji. Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kama yule mzee wa vyuma ana watoto, na kama nimempelekea chochote.

Kuna kosa moja ambalo bado hatujalipata. Asubuhi za baridi, risasi tatu au nne za kwanza zinakwenda chini kwa upana wa kidole, halafu zinapanda zenyewe na kukaa mahali pake. Mzee anasema ni grisi iliyoganda kwenye springi. Kijana anataka kupima kasi kwanza, na mimi nakubaliana naye. Nesi anasema ni mimi, bega la mtu wa Ruzizi halijazoea Januari ya Hull. Zamani ningebisha. Tumekubaliana hivi: Jumamosi ijayo bunduki italala mezani nje tangu alfajiri, mzee akiilinda, nami nitakaa ndani ya gari lenye joto na chupa ya chai ya tangawizi. Baadaye tutabadilishana, bunduki iingie garini chini ya blanketi, mimi nitoke nje nisimame kwenye upepo bila koti. Kijana ameshachora mistari kwenye daftari, safu mbili, na juu ya ya pili ameandika jina langu.